Köln au Leicester? Jiko, Jumapili na safari kwa anayetaka kufanya kazi Ulaya

Binamu yangu wa Moshi ameniuliza swali lile lile mara tatu tangu Pasaka: "Kaka, nije Ujerumani au nimfuate dada Uingereza?" Mimi niko Köln, mwaka wa tatu sasa, nasomea uuguzi huku nalipwa. Dada yuko Leicester tangu 2023, anahudumia wazee kwenye makao yao. Karibu kila jioni tunapigiana simu ya video, yeye anakoroga kitu jikoni kwake na mimi nakoroga changu, kwa hiyo ulinganisho huu umepikwa na watu wawili. Nikiisifu Uingereza, jua ni maneno ya dada. Mimi nimefika kwake mara moja tu, na sababu utaiona mbele.

Mlango kwanza

Kabla hujapima kipi kitamu, angalia kipi kiko wazi. Njia aliyopita dada imefungwa. Tangu Machi 11, 2024 mhudumu wa wazee aliyepata viza mpya haruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto, na tangu Julai 22, 2025 waajiri wa Uingereza hawaruhusiwi tena kuajiri wahudumu hao wapya kutoka nje ya nchi. Dada na shemeji waliingia pamoja kabla ya hayo yote. Muuguzi aliyesajiliwa bado ana njia, ila kuna mitihani ya Kiingereza na ya kazi yenyewe, nadharia na vitendo. Kwa hiyo mtu akikutumia ujumbe leo kwamba anauza "barua ya udhamini" ya kuhudumia wazee Uingereza kwa milioni kadhaa, mshukuru, kisha mfungie namba.

Ujerumani mlango uko wazi, lakini kizingiti chake ni kirefu, nacho ni lugha. Mafunzo ya kazi yanayoitwa Ausbildung huchukua miaka mitatu kwa uuguzi, unasaini mkataba na unalipwa tangu mwezi wa kwanza. Kwenye hospitali za umma mwaka wa kwanza unazidi euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Ili ukubaliwe wanataka Kijerumani cha ngazi ya B1, yaani ya kati, kwa uchache, na waajiri wengi wanadai B2, ngazi inayofuata. Mimi nilikaa Dar miezi kumi na minne nikisoma, nalala kwa shangazi Tabata, na kila asubuhi nilikuwa na der, die, das kichwani ndani ya daladala. Wakenya mnaosoma hapa, nchi yenu ilisaini makubaliano ya ajira na Ujerumani Septemba 2024. Ni kitu kizuri, ila hakuna makubaliano yatakayokusomea lugha.

Mshahara, kwa haraka

Nalipita haraka kwa sababu watu hulinganisha namba ya juu ya karatasi, na huku unaishi kwa namba ya chini. Kima cha chini kwa saa mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 Ujerumani na pauni 12.21 Uingereza. Pauni ina nguvu kidogo kuliko euro, lakini makato ya Ujerumani ni mazito zaidi: bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi na bima ya matunzo ya uzeeni, yote yanakatwa kabla hujaiona hela. Sikatai kwamba bima hiyo inafanya kazi. Dada alipoumwa mgongo mwaka 2024 na kulala wiki mbili, mwajiri wake alimlipa kiwango cha chini cha kisheria tu, pauni 116.75 kwa wiki, na kwa sheria ya wakati ule siku tatu za kwanza hazikuhesabiwa. Mimi nilipovunjika kidole nililipwa mshahara kamili, kwa kuwa Ujerumani mwajiri anamlipa mgonjwa hadi wiki sita.

Walutheri na Wakatoliki, hapa msikilize vizuri. Ukijiandikisha kwenye ofisi ya mji, jambo unalotakiwa kulifanya ndani ya siku 14 tangu uhamie, utaulizwa dini. Mimi ni mtoto wa KKKT, nimebatizwa, nimepata kipaimara, nikajibu kwa fahari. Baadaye nikaona kwenye karatasi ya mshahara mstari wa kodi ya kanisa. Ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, na Bavaria na Baden-Württemberg ni asilimia 8. Kwa mwanafunzi ni senti tu, ila ukihitimu inakua pamoja na mshahara. Leicester dada anatoa sadaka yake kwenye kikapu kama nyumbani, na serikali haiulizi.

Jikoni

Hapa ndipo Uingereza inaposhinda, tena bila jasho.

Leicester ni mji wa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, halmashauri ya mji wa Leicester ilitia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasiende huko. Wakaenda kwa maelfu. Leo hii ukipita Belgrave Road, menyu ya mgahawa wa Kigujarati imeandikwa "mogo", na mogo ni muhogo wetu, umekaangwa na pilipili na ndimu. Kuna wazee waliozaliwa Kampala, Kisumu na Mwanza, na ukiwagundua wanakugeukia: "Habari ya leo, mama?" Dada alipofika aliingia duka la mboga kutafuta ndizi za mtori akikata tamaa mapema, akakuta boksi limeandikwa "matoki". Muuzaji, bibi wa miaka kama sabini, akamwambia kwa Kiswahili asichukue zile za juu, zimelala siku mbili. Unga mweupe wa mahindi upo. Bamia, karanga, mbaazi, bizari, tui, vyote umbali wa kutembea kwa mguu. Sukuma hapati yenyewe, ila kuna majani wanayaita spring greens, na ukiyakata membamba mgeni hatajua tofauti.

Chai nayo. Waingereza wanakunywa chai ya rangi na tone la maziwa, na majani yao mengi yanatoka Kenya. Kazini kwa dada kila anayeinuka kwenda jikoni anauliza nani mwingine anataka. Si chai yetu ya kuchemsha na tangawizi, lakini ni desturi unayoielewa siku ya kwanza. Hapa Köln nilipoomba chai kazini mwenzangu aliniuliza kama naumwa. Chai kwao ni majani ya mnanaa na maua ya chamomile, dawa ya tumbo. Wao ni watu wa kahawa, na serikali yao inatoza kodi ya euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa. Mtu wa Kilimanjaro ninanunua kahawa ya kwetu dukani na nailipia kodi ya pekee. Nikimwambia baba anacheka mpaka anakohoa.

Mwezi wa pili hapa mwenzangu wa darasani alinialika chakula cha jioni. Nikavaa vizuri, nikashinda na njaa makusudi. Mezani palikuwa na mkate mweusi, jibini, vipande vya soseji baridi na matango ya siki. Nikakaa nikisubiri chakula. Baada ya nusu saa nikaelewa kwamba ndicho hicho. Wanaita Abendbrot, yaani mkate wa jioni, na wengi wanakula hivyo baada ya kula cha moto mchana. Mkate wenyewe, niseme ukweli, ni mtamu kuliko mkate wowote niliowahi kula, na sasa kila Jumamosi naununua mzima. Dada anasema mkate wa Uingereza ni kama sponji ya kuoshea vyombo.

Ugali Köln unautafuta. Duka la kawaida lina unga wa mahindi wa njano, tena wa chengachenga, unaopika uji mzito usiosimama. Duka la Kilatini lina unga mweupe mzuri wa machoni, kumbe umeshapikwa kiwandani. Ukiusonga unakuwa mpira. Nimeutupa. Mweupe wa kweli uko kwenye maduka wanayoyaita afroshop, ambako pia utapata kisamvu cha kugandishwa, maana Wakongo wanakula pondu, ndicho kisamvu kwao, kila mahali wanapoishi. Nyama na mboga nenda kwa Waturuki. Waturuki walianza kuja kwa mkataba wa ajira wa 1961, na maduka yao ya Keupstraße yana bamia, kondoo wa kukatiwa mbele yako, biringanya na pilipili za kila umbo. Bila wao ningekuwa nimekonda.

Na samaki! Kwenye friji za maduka ya kawaida ya Ujerumani utakuta minofu myeupe imeandikwa Viktoriabarsch. Ni sangara wa Ziwa Victoria. Nilisimama pale mbele ya friji kama nimemwona mtu wa kijijini kwetu. Bei yake usimwambie mtu wa Mwanza.

Jumapili

Sisi Wachaga nchi nzima inajua duka la mtaani ni "kwa Mangi", na kwa Mangi hakufungwi. Sasa mlete Mchaga kwenye nchi ambayo Jumapili maduka yote yamefungwa kwa sheria. Utapata mkate asubuhi kwa saa chache, duka la kituo kikuu cha treni, na kituo cha mafuta. Basi. Wiki yangu ya kwanza nilikula biskuti na maji ya bomba tangu Jumapili asubuhi hadi Jumatatu. Tena Jumapili husafishi kwa mashine ya kelele, hutoboi ukuta, hutupi chupa kwenye mapipa ya vioo. Jirani yangu wa chini, mzee mpole sana, alipanda ngazi kunieleza kwamba mashine ya kufulia ingesubiri kesho.

Leicester maduka makubwa ya Jumapili hufunguliwa kwa saa sita, na madogo huendelea mpaka usiku. Dada akiishiwa vitunguu anavuka barabara.

Lakini sasa nimeizoea Jumapili ya hapa na sijui kama ningetaka kuirudisha. Mji mzima unatembea kando ya mto Rhine. Hakuna anayekuomba umshikie zamu kwa sababu tu duka au ofisi iko wazi. Wagonjwa wangu wapo, bila shaka, ila hata wao siku hiyo wana kahawa na keki saa tisa alasiri. Dada anafanya kazi Jumapili tatu kati ya nne.

Nyumba

Ujerumani unaweza kupanga nyumba isiyo na jiko. Sisemi jiko bovu. Nilifungua mlango nikakuta mabomba mawili yamechomoza ukutani, na mpangaji aliyetangulia ameondoka na sinki lake, makabati yake na hata taa. Uliza kabla ya kusaini kama jiko lipo. Dhamana inaweza kufika kodi ya miezi mitatu bila gharama za joto, na kila kaya inalipa euro 18.36 kwa mwezi ya redio na televisheni hata kama huna televisheni. Takataka zina mapipa manne na kila jirani ni mkaguzi. Chupa za plastiki na makopo unalipia senti 25 za juu na kurudishiwa ukizipeleka kwenye mashine dukani, jambo ambalo mtu aliyekua akirudisha chupa za soda kwenye kreti halimsumbui hata kidogo.

Uingereza dhamana haizidi wiki tano za kodi kwa nyumba za kawaida, jiko lipo, na kuna zulia kila mahali. Dada alipanga nyumba yenye mita ya umeme ya kulipia kabla. Akanipigia simu akicheka: "Nimekimbia LUKU Moshi, nimeikuta Leicester." Siku ya baridi kali inakula hela kama Mungu hayupo. Pia kuna kodi ya halmashauri, ambayo hakuna wakala aliyemtajia kabla hajasafiri.

Giza liko pande zote mbili. Desemba Leicester jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Köln linachelewa kidogo kuzama lakini asubuhi linatoka karibu saa mbili na nusu, ukiwa zamuni muda mrefu.

Salamu

Kijerumani kina "Sie" na "du", na mtoto aliyefundishwa shikamoo anakielewa kitu hiki mara moja. Mkubwa na mgeni ni Sie mpaka yeye mwenyewe akuruhusu. Bibi mmoja wodini aliniruhusu du baada ya miezi minne, na nilijisikia nimepewa nishani. Leicester kila mtu anaitwa kwa jina lake la kwanza, hata meneja mwenye mvi. Dada mwezi mzima alishindwa kutamka, akawa anamwita "mama", na yule meneja akaenda kuuliza kama amezeeka kiasi hicho. Wanamsalimu "You alright?" huku wanapita. Mwanzoni alisimama kujibu, habari za nyumbani na mgongo, kumbe mtu ameshafika mwisho wa korido.

Pamoja na hayo, yeye alianza kutania na wenzake wiki ya kwanza. Mimi ilinichukua karibu mwaka na nusu kumchekesha mtu kwa Kijerumani kwa kukusudia. Hiki ndicho kipimo ambacho ningekiweka juu ya mshahara. Mwaka huo na nusu nilikuwa mtu mkimya, na nyumbani hakuna anayenijua mimi mkimya.

Safari

Sasa zamu yangu ya kujidai. Kuna tiketi ya mwezi inayoitwa Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026. Unapanda mabasi, tramu, treni za chini ya ardhi na treni za mikoa nchi nzima, isipokuwa zile za kasi. Siku yangu ya mapumziko nashuka Koblenz kando ya Rhine, napita ngome na mashamba ya mizabibu, nina wali kwenye kontena, sijalipa senti ya ziada. Treni za kasi usizitegemee kwa miadi: Wajerumani wenyewe wanazitania kwa kuchelewa. Zikichelewa saa nzima unadai robo ya nauli, saa mbili nusu yake.

Kikubwa zaidi ni kibali. Kibali cha kuishi Ujerumani kinakupitisha nchi zote za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, 29 kwa sasa, hadi siku 90 katika kila siku 180. Nimepanda treni asubuhi, baada ya kama saa mbili niko Brussels, nikaenda Matongé, mtaa uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Nikala pondu na chikwangue, mkate wa muhogo, nikasikia Kiswahili cha Bukavu kutoka saluni ya jirani, na usiku nikalala kitandani kwangu Köln. Paris nimekwenda mara mbili, Amsterdam sikumbuki ni mara ngapi.

Dada akitaka kwenda London anapanda treni inayomfikisha St Pancras kwa saa moja na dakika chache. Kwenye jengo hilo hilo ndiko inakoondokea treni ya Paris, mwendo wa saa mbili na robo. Anaisikia ikitangazwa. Hawezi kuipanda, kwa sababu kibali cha Uingereza hakimwondolei Mtanzania viza ya Schengen: euro 90, taarifa za benki, barua ya mwajiri, na miadi inayopatikana miezi baadaye. Nami kwa upande wangu nilipotaka kumwona nililipa pauni 127 za viza ya utalii na nikapeleka karatasi nene kama Biblia. Ndugu wawili, saa moja na kitu ya ndege, na miaka yote hii tumekutana mara moja. Ndani ya kisiwa anazunguka, kafika Scotland na Wales, lakini nauli za treni zao ukinunua siku ile ile zinauma. Yeye hupanda basi.

Dereva mmoja mmoja atauliza kuhusu leseni. Ya nyumbani unaitumia miezi 12 Uingereza na sita Ujerumani, kisha mitihani. Uingereza unaendesha kushoto kama kwetu.

Basi uende wapi?

Kama wewe tayari ni muuguzi mwenye cheti, Kiingereza chako kinatembea, una watoto unaotaka kula nao ugali mezani na hujali kuona Paris, fuata mitihani ya Uingereza. Utakuwa mtu kamili tangu wiki ya kwanza. Kama una chini ya miaka thelathini, huna cheti, unaweza kuvumilia kuwa bubu kwa mwaka mmoja na unapenda barabara, anza Kijerumani Jumatatu, usisubiri wakala. Kama huna cheti na huwezi lugha mpya, kwa sasa sina mlango wa kukuonyesha, na anayesema anao muulize umefunguliwa lini.

Binamu ana miaka ishirini na mitatu na hana cheti, kwa hiyo jibu langu analijua. Ameshaulizia bei ya kozi Dar. Nimemwambia akija abebe mwiko, ya huku ni myembamba, nimevunja miwili. Dada amesikia kwenye simu akadakia kwamba akienda kwake asibebe chochote, mwiko upo dukani kwa yule bibi wa matoki.